JUU YA MUKABA WA MOTOKARI NA MUFUKO WA HEWA



Kama munavyojua, kwaya yetu imealikwa kuimba katika kanisa jirani, kilometa 30 kutoka hapa. Mimi, kwa kazi yangu ya kapita, nilitumwa kuandika orodha ya wasafiri. Waimbaji ni 24. Motokari ya shule iko na viti tisa, pamoja na kile cha shofere, lakini desturi yetu ni kupakia waimbaji 12 kwa safari moja, halafu shofere anarudi kuchukua wengine 12. Siku ya kazi ya mikono nilikwenda garaji kuhesabu viti, na kwa sababu tulikuwa tumetoka kwenye somo la fizikia, nikaona nihesabu na mikaba pia.

Nilikuta hivi: viti tisa, mikaba tisa, yote iliwekwa na kiwanda. Mitatu imekatwa kwa kisu, na hakuna anayejua ni nani aliyeikata, ingawa nimeona kamba inayofanana nayo sana imefunga mbuzi fulani hapa kijijini. Mumoja umezunguka jerikani ya mazuti kule nyuma. Mine iko chini ya viti, imejaa vumbi na maganda ya karanga. Ule wa shofere ndio peke yake unaotumika. Shofere wetu ni mutu muzuri, hakunificha neno. Aliniambia: "Ni juu ya polisi tu, mutoto yangu. Tukifika kwa bariere naivaa, tukisha kupita naitosha."

Simucheki, kwa maana mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo mpaka likizo kubwa ya mwaka jana. Siku ile nilipanda teksi pamoja na mama yangu mudogo na mutoto wake. Mama mudogo alikaa mbele, mutoto juu ya magoti yake, mimi nyuma katikati ya watu wane. Jioni ilikuwa imeingia, na kamyo moja ilikuwa imesimama barabarani bila taa. Shofere aliiona, akakanyaga freni, lakini tukaigonga kwa nyuma. Hatukuwa tunakimbia sana. Yeye alisema alikuwa karibu na 40, na mimi namwamini. Mama mudogo ni mwanamuke mwenye nguvu, kila siku ya soko anabeba mufuko wa unga wa kilo 50 mgongoni. Mutoto ana kilo 10 tu. Alimushika kwa mikono yote miwili, na hata hivi mutoto alitoka mikononi mwake kama sabuni, akagonga dashibodi. Mufupa wa bega ulivunjika, na kipaji cha uso kikashonwa nyuzi saba. Amepona sasa. Lakini mama mudogo anarudia kila mara neno moja: "Sikumushika vizuri." Na watu wa nyumbani, bila ubaya, wanamuacha aseme hivyo.

Somo hili nimeliandika kwanza juu ya neno lake lile. Si kweli kwamba hakumushika vizuri. Hesabu inaonyesha kwamba hakuna mama duniani ambaye angeweza.

TUFANYE HESABU

Newton alitufundisha kwamba kitu kinachokwenda kinaendelea kwenda, kwa mwendo ule ule na kwa njia iliyonyooka, mpaka nguvu fulani ikizuie. Tunaliandika hilo ndani ya kaye, tunapata pointi zetu, halafu tunapanda motokari na kulisahau. Ndani ya motokari inayokwenda, si motokari peke yake inayokwenda. Wewe pia unakwenda, na Biblia iliyo juu ya dashibodi inakwenda, na jerikani ile inakwenda. Motokari ikigonga muti, muti umezuia motokari. Wewe haujakuzuia bado. Unaendelea na mwendo wako wa zamani mpaka ukutane na kitu, na kitu hicho kitakuwa usukani, ao kioo, ao kichwa cha yule aliye mbele yako.

Kwa hiyo wenye elimu wanasema kwamba ndani ya ajali moja muko migongano mitatu. Wa kwanza, motokari na muti. Wa pili, mwili na motokari. Wa tatu hauonekani: ni ubongo unaogonga mufupa wa kichwa, na ini na moyo vinavyovutwa ndani ya kifua na tumbo. Ndiyo sababu mutu anaweza kutoka ndani ya ajali bila kidonda, anatembea, anaomba maji ya kunywa, na usiku anakufa lopitalini, halafu watu wanaanza kutafuta mulozi.

Tuchukue mwendo mwepesi kwa hesabu, kilometa 36 kwa saa. Ni metre 10 kamili kwa sekunde. Mwanafunzi ana kilo 60. Nguvu ya mwendo aliyo nayo mwilini ni nusu ya 60, mara 10, mara 10 tena: juli 3 000. Juli hizo lazima zitoke mwilini mwake mbele asimame, hakuna namna nyingine. Mutu wa kilo 60 akianguka kutoka urefu wa metre 5 na kidogo, anafika chini na juli zile zile 3 000. Basi kugonga ukuta kwa 36 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka juu ya paa ya chapelle yetu. Kwa 72 kwa saa watu wengi wanafikiri ni mara mbili. Hapana, ni mara ine, kwa kuwa mwendo unazidishwa kwa mwendo: juli 12 000, na urefu wa metre 20. Hapa shuleni hakuna nyumba yenye urefu huo, labda ile mikaratusi ya nyuma ya nyumba ya kulala.

Sasa swali ni hili: juli hizo zinatoka ndani ya umbali gani? Tunajua kwamba kazi ni nguvu mara umbali. Aliyefungwa mukaba anasimama pamoja na motokari. Pua ya motokari inakunjamana, mukaba unavutika kidogo, na yeye anasimama ndani ya nusu metre, tuseme. 3 000 gawanya kwa 0,5 ni nyutoni 6 000, ni kusema karibu mara 10 uzito wake. Inaumiza, itaacha alama nyeusi kifuani, lakini mifupa inavumilia. Asiyefungwa anakuta motokari imekwisha kusimama, na yeye anasimamishwa na dashibodi ndani ya sentimita tano. 3 000 gawanya kwa 0,05 ni nyutoni 60 000. Mara 100 uzito wake. Mutu ni yule yule, ukuta ni ule ule, juli ni zile zile. Kilichobadilika ni umbali wa kusimamia, basi. Kazi yote ya mukaba ni kukupa umbali huo.

Na mutoto wa mama yangu mudogo? Kilo 10, kwa mwendo ule wa 36: juli 500. Hata kama mama angefaulu kumusimamisha polepole ndani ya nusu metre, mikono yake ingehitaji nyutoni 1 000. Ni sawa na kudaka, kwa ghafula, bila kujitayarisha, mifuko miwili ya unga ya kilo 50. Tena tusisahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa anarushwa mbele wakati ule ule. Nilimwandikia hesabu hii kwenye karatasi. Alisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake.

MWILI UNAVUMILIA KIASI GANI

Wengine wananiuliza: kama nguvu ni kubwa hivyo, mukaba wenyewe hautanikata? Jibu lilipatikana kwa njia ya ajabu kidogo. Daktari mumoja wa jeshi la anga la Marekani, John Paul Stapp, alijifunga mikaba juu ya kigari kinachosukumwa na roketi kwenye reli, ndani ya jangwa la New Mexico. Tarehe 10 desemba 1954 kigari kile kilipita kilometa 1 000 kwa saa, halafu kikasimamishwa ndani ya sekunde 1 na nusu hivi. Mwili wake ulibeba zaidi ya mara 46 uzito wake. Macho yalijaa damu, hakuona kwa muda, kisha akapona. Alikufa mwaka 1999 akiwa muzee wa miaka 89. Stapp alikuwa ameona kwamba jeshi lake linapoteza watu wengi ndani ya motokari kuliko ndani ya ndege, na hakuacha kusema kwamba motokari nazo ziwekwe mikaba. Mimi simushauri mutu kumufuata kwenye reli. Lakini alituonyesha kwamba mwili uliofungwa vizuri, kwenye mifupa yenye nguvu, unavumilia kupita tunavyofikiri.

Neno "vizuri" ndilo lenye uzito hapa. Mikaba ya kwanza ya motokari ilikuwa ya kiunoni tu, kama ya ndege. Ilizuia mutu asitupwe inje, lakini kifua na kichwa viliruka mbele, na tumbo likakatwa. Mukaba tunaouona leo, wenye kupita begani na kiunoni na kushikwa pahali patatu, ulitengenezwa na fundi wa Sweden, Nils Bohlin. Mbele ya hapo alikuwa anatengeneza viti vya kurusha rubani inje ya ndege inayoanguka. Kampuni ya Volvo ilianza kuuweka ndani ya motokari zake mwaka 1959, na iliwaruhusu watengenezaji wengine wautumie. Ningependa walimu wa uchumi watueleze siku moja ni kwa nini kampuni inaweza kutoa kitu cha namna ile bure. Sheria ya kulazimisha kuuvaa ilianza katika jimbo la Victoria, Australia, mwishoni mwa mwaka 1970. Ufaransa ilifuata mwaka 1973 kwa viti vya mbele inje ya miji, na Uingereza mwaka 1983. Ni kusema hata wazungu walikatalia mukaba kwa muda murefu, na sababu walizotoa ni zile zile ninazosikia hapa kwenye mustari wa chakula.

Sasa kuuvaa. Sehemu ya chini ipite juu ya mifupa ya nyonga, chini kabisa, karibu na mapaja. Isikae juu ya tumbo, kwa maana tumbo halina mufupa wa kulinda ini na matumbo. Sehemu ya juu ipite katikati ya bega na katikati ya kifua. Nimeona wengine wanaipitisha chini ya kwapa kwa sababu inakwaruza shingo ao inakunja shati. Hiyo ni mbaya: mbavu za upande ni dhaifu, zinavunjika na kuingia ndani. Wengine wanaipitisha nyuma ya mgongo, basi wamerudi kwenye mukaba wa zamani wa kiunoni. Mama mwenye mimba anavaa pia. Sehemu ya chini inapita chini ya tumbo, ile ya juu katikati ya matiti na kando ya tumbo. Watu wawili wasifungwe mukaba mumoja, hata kama ni marafiki sana, watagongana vichwa. Na usiuache umelegea. Kila sentimita ya kulegea ni umbali unaoutupa bure.

Muko swali moja ambalo wadogo wa kalasi za chini waliniuliza, na lilinifurahisha: mukaba unajuaje kwamba ni ajali? Ukiuvuta polepole unakuja, ukiuvuta kwa ghafula unakatala. Ndani ya kile kisanduku muko roli yenye meno, na karibu yake kidude kizito, mara nyingi kitufe cha chuma kama gololi. Motokari ikisimama kwa ghafula, gololi inaendelea mbele (Newton tena!), inainua kijiti, kijiti kinaingia ndani ya meno, roli inafungwa. Na ukiuvuta kwa nguvu, roli yenyewe inazunguka mbio na kujifunga. Basi ukitaka kujua kama mukaba ni muzima, uvute kwa ghafula. Usipokatala, umekufa.

MUFUKO WA HEWA

Motokari yetu ya shule ni ya zamani, haina mufuko wa hewa hata mumoja, kwa hiyo nilitaka kuruka sehemu hii. Mwalimu wa kemia ndiye alinikataza. Alisema teksi nyingi za mujini zinatoka Japani zimekwisha kutumiwa, na iko mifuko ndani yake, na wanafunzi wanazipanda kila likizo bila kujua kilicho mbele ya uso wao. Ni kweli.

Mutu mumoja wa Marekani, John Hetrick, alipata ajali mwaka 1952 pamoja na mukewe na binti yao mudogo. Wazazi wote wawili walinyoosha mikono mbele ya mutoto kumuzuia asigonge dashibodi. Njiani kurudi nyumbani alijiuliza kama hakuna kitu laini kinachoweza kutokea wakati ule na kufanya kazi ya mikono ile. Alichora mufuko unaojaa hewa, na mwaka 1953 akapewa hati ya uvumbuzi wake. Nilipousoma habari huu niliacha kalamu kwa muda. Mama yangu mudogo naye alinyoosha mikono.

Uvumbuzi ulikaa muda murefu bila kutumika, kwa sababu hewa ya chupa iliingia polepole mno na hakukuwa chombo chema cha kutambua ajali. Leo kipimo kidogo kinasikia kwamba motokari inasimama kwa ukali usio wa freni, kinatuma umeme, umeme unawasha dawa ndani ya kikopo, na dawa inageuka gazi na kujaza mufuko. Kazi yote inachukua karibu sehemu 30 za elfu za sekunde moja. Kupepesa jicho kunachukua muda zaidi. Ndani ya mifuko ya zamani dawa ilikuwa azidi ya sodiamu. Wa kalasi za kemia waandike: molekuli mbili za NaN3 zinatoa sodiamu mbili na N2 tatu. Ni kusema uso wako unapokelewa na azoti, ile ile tunayovuta puani kila siku. Mufuko uko na matundu nyuma. Mara tu uso unapoufikia unaanza kutoa gazi na kulegea, kwa maana mufuko usiolegea ungekuwa ukuta mwingine.

Lakini tuelewane vizuri. Kitu kinachojaa ndani ya muda ule kinakuja kwa mwendo unaoweza kufika kilometa 300 kwa saa. Kinamungojea mutu aliyeshikwa na mukaba, aliye mbali nacho. Herufi SRS zilizoandikwa kwenye usukani maana yake ni kwamba mufuko ni wa nyongeza. Unaongezwa juu ya mukaba, hauchukui nafasi yake. Asiyejifunga anarushwa mbele wakati wa freni, anaukuta mufuko unatoka, na unamupiga. Huko Marekani katika miaka ya 1990 watoto na watu wafupi wengine waliuawa hivyo, ndani ya ajali ndogo ambazo hazikupaswa kuua mutu. Kwa hiyo shauri lao ni kwamba pawe na sentimita 25 kati ya kifua na usukani. Tena mutoto chini ya miaka 13 akae nyuma, na kiti cha mutoto muchanga kinachotazama nyuma kisiwekwe hata siku moja mbele ya mufuko. Mutoto juu ya magoti, mbele, ndani ya teksi yenye mufuko: yeye ndiye wa kwanza kupigwa, kisha anabanwa na mama anayekuja nyuma yake. Na ninyi vijana munaopenda kuweka miguu juu ya dashibodi, mufuko ukitoka utaleta goti lako usoni.

Mashofere wetu wanapenda kupamba pahali pale pa mufuko: kitambaa cha maua, chupa ya manukato, sanduku la kaseti, Biblia. Mufuko utavitupa vyote usoni pa abiria. Biblia isafiri ndani ya mufuko wa koti.

Kuhusu motokari za Japani, muko jambo lingine la kujua. Kampuni moja iliyoitwa Takata ilitengeneza vikopo vya gazi vyenye nitrati ya amoniamu. Dawa hiyo, ikikaa miaka mingi mahali pa joto na unyevu, inaharibika, na siku ya ajali inalipuka kwa nguvu mpaka kikopo cha chuma kinapasuka na kurusha vipande kama risasi. Watu wamekufa katika inchi mbalimbali, mamilioni makumi ya motokari yaliitwa kurudi kutengenezwa, na kampuni ikafilisika mwaka 2017. Joto na unyevu, sisi hatuna haja ya kueleza ni nini. Mwenye kununua motokari iliyokwisha kutumiwa aulize fundi mwenye ujuzi, na aangalie taa ya mufuko kwenye dashibodi: ukifungua kontakti inawaka, halafu inapaswa kuzimika. Isipozimika, mfumo ni mugonjwa. Isipowaka kabisa, labda mutu ameitosha ampuli kusudi usione.

YANAYOSEMWA

"Nikifungwa, motokari ikiwaka moto nitatokaje?" Anayetoka ndani ya moto ni yule ambaye hajazimia, na asiyefungwa ndiye anayezimia. Kitufe kinafunguka kwa kidole kimoja, jaribuni.

"Mimi nakaa nyuma." Uliye nyuma bila mukaba unamurukia aliye mbele na kilo zako zote 60, mara 10 ao zaidi. Aliyejifunga mbele anaweza kuuawa na asiyejifunga nyuma. Shirika la Afya la Dunia linasema mukaba unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa aliye ndani ya motokari mpaka nusu, na kwamba ajali za barabarani zinaua watu karibu milioni 1,19 kila mwaka, tena ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana kati ya miaka 5 na 29. Hiyo ni miaka yetu sisi.

"Tumekwisha kuomba, Mungu ndiye mulinzi." Hili ndilo ninalosikia zaidi, na sipendi kulijibu kwa haraka, kwa maana mimi pia naomba mbele ya safari na nitaomba siku ile. Lakini soma vizuri Kumbukumbu la Torati sura ya 22, pahali Mungu anaamuru Waisraeli kuweka ukingo juu ya paa ya nyumba mupya kusudi mutu asianguke. Waisraeli wale waliomba kupita sisi. Hata hivi waliambiwa wajenge ukingo, tena damu ya aliyeanguka ingehesabiwa juu ya mwenye nyumba. Na Shetani alipomupandisha Bwana Yesu juu ya hekalu akimwambia ajitupe, Bwana alikatala. Hakukosa imani.

"Na wale wa juu ya kamyo?" Hapo sina jibu. Aliyekaa juu ya magunia hana mukaba wala kiti, na wengi wetu hatuna njia nyingine ya kurudi nyumbani wakati wa likizo. Siandiki kusudi niwaaibishe. Naandika juu ya motokari moja iliyo na viti tisa.

Basi turudi kwenye orodha. Nimemupelekea Bwana Mkuu shauri hili: waimbaji wanane kwa kila safari, kila mutu na mukaba wake, safari tatu mahali pa mbili. Motokari ikiondoka saa kumi na moja ya alfajiri inafika saa kumi na mbili, inarudi saa moja. Wa pili wanafika saa mbili. Wa tatu wanafika saa ine kamili, na ibada ni saa ine na nusu. Safari ya tatu inaongeza kilometa 60, ni kusema lita tisa hivi za mazuti. Najua mwalimu wa kwaya hajafurahi, kwa sababu wa kwanza watangoja saa ine na sauti zitachoka. Najua na baadhi ya wafinalisti wenzangu wanasema kapita anajifanya mukubwa. Bwana Mkuu amesema komite itaamua siku ya alhamisi, na kwamba mazuti yakitoka kwenye kasha la kwaya hatapinga. Mukaba mitatu iliyokatwa ataiagiza mujini. Nilimuomba isitolewe kwenye motokari iliyopata ajali, kwa maana mukaba uliokwisha kuvuta mutu mara moja nyuzi zake zimenyooka, hazitavutika tena. Na fundi viatu wetu, ambaye alijitolea kuishona ile ya zamani, namushukuru sana, lakini mushono wake hautabeba nyutoni 6 000.

Mupaka hiyo mitatu ifike tuko na mitano ya abiria, nikihesabu ule wa jerikani. Jumamosi nyuma ya salongo, saa nane, tutaiosha na kuijaribu mumoja mumoja mbele ya garaji. Kila muimbaji aje. Wa kalasi ya kwanza walete maji ya moto kutoka jikoni na sabuni ya kawaida. Javel hapana, inakula nyuzi. Jerikani imekwisha kupata kamba nyingine. Mwenye mbuzi naye tunamukaribisha.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya mwisho